Udongo Uliokimbia Ukiwa Wetu

Simu ya mjomba ilinikuta sokoni Kadutu, nikikunja upya vitenge ninavyouza, ambavyo mteja mmoja alikuwa amevitandaza vyote, akavipapasa, kisha akasema atarudi. Mjomba si mtu wa salamu ndefu. "Ravin imefika kwa koko," akaniambia. "Tumutoe mbele mvua kubwa ianze."

Ravin ndilo jina tunaloliita korongo hapa Bukavu, na koko ni bibi. Bibi yangu ni marehemu wa siku nyingi. Tulimzika nyuma ya nyumba yake, chini ya migomba michache iliyokuwa imebaki, kama mwenyewe alivyotaka. Kwa hiyo maneno ya mjomba yalikuwa na maana moja tu: korongo lililokuwa likila mteremko wetu tangu utoto wangu lilikuwa limefika ukingoni mwa kaburi, na ilitupasa tumfukue bibi na kumhamishia mahali pengine kabla maji hayajamchukua.

Jioni ile, nyumbani kwangu Bagira, nilimweleza mama. Mama ninaishi naye, miguu yake haimbebi tena mbali. Hakulia wala hakuuliza mengi. "Munifanyie hii moja tu," alisema. "Mama yangu asiende na maji. Na mimi, siku yangu ikifika, munilaze pale kando yake." Hilo la pili alikuwa amelisema mara nyingi, tangu nikiwa msichana, kwa sauti ileile ambayo watu wengine husemea kiti wanachopenda kukalia kanisani.

Acha nikueleze mahali penyewe, rafiki yangu, maana ukienda leo hutanisadiki. Enzi zile palikuwa mwisho wa mji, kwenye njia ya kwenda Nyantende. Lami ilikuwa imekwisha kukatika, na kelele za mji zilibaki nyuma yako. Leo mji umepapita zamani na kuendelea na safari zake. Nyumba ya bibi ilikuwa juu, karibu na barabara, na nyuma ya jiko shamba la migomba lilianza na kushuka, kushuka, mpaka kwenye kisima bondeni. Wazazi wangu waliishi mjini, lakini kila likizo nilipelekwa huko na binamu zangu, na kusema kweli hata siku za shule mawazo yangu yalikuwa kulekule.

Ukiingia katika migomba ile saa za mchana, jua ulilibakiza nje. Mvua nayo ilikuwa na adabu. Uliisikia kwanza juu kabisa, ikigonga majani, na ungeweza kumaliza kazi yako ukiwa hujalowa, kwa sababu tone lilipita jani hadi jani kabla ya kukufikia. Chini palikuwa na tabaka la majani makavu na magome yaliyooza, na mguu ulizama hadi kwenye kifundo. Udongo wake ulikuwa mweusi, wa baridi, umejaa nyungunyungu ambao binamu yangu alinitishia nao mpaka nikawazoea. Bado naweza kuusikia mnuko wake nikifumba macho.

Neno takataka sikulijua kwa bibi. Maganda ya viazi yalikwenda kwenye mgomba. Majivu, maji ya kuoshea vyombo, samadi ya mbuzi, vumbi la kufagia uwanja, vyote mgombani. Hata tulipogombana na kumpelekea mashitaka, alituambia tukayaseme kwa migomba, yenyewe haichoki kusikiliza. Kazi yetu watoto ilikuwa kubeba samadi kwa karai, kuondoa majani yaliyokauka, na kuteka maji kisimani asubuhi kabla ya chai. Maji yale yaliumiza meno kwa ubaridi. Tulibeba bidoni za njano vichwani, kizibo chake jani la mgomba lililokunjwa, na njia ya kupanda ilikuwa na ngazi ambazo babu alizichonga kwa jembe kabla hatujazaliwa.

Na chakula! Ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na maharagwe katika chungu kimoja mpaka hujui kipi ni kipi. Sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, bugali ya muhogo, lengalenga zilizochumwa palepale kando ya jiko. Siku za kukamua pombe ya ndizi, ile tunayoiita kasiksi, wanaume walikusanyika toka asubuhi. Ndizi zilifukuliwa shimoni zimeiva na kuwa laini, zikamenywa, zikamiminwa katika mtumbwi wa mti na kukandwa kwa nyasi mpaka maji yake yatoke. Nyuki walijaa uwanjani, na hakuna aliyewajali. Sisi tulipewa maji yale kabla hayajachachuka, matamu mpaka koo linakereketa. Jumapili baada ya misa pombe yenyewe ilinywewa, na katekista, ambaye asubuhi alikuwa ametuonya juu ya ulevi, alikuwa wa kwanza kuketi.

Bibi alikuwa mtu wa mkono wazi. Hakupita mtu mlangoni kwake bila kuulizwa kama amekula, na jibu la "nimekula" hakulikubali. Lakini kwenye ardhi alibadilika, akawa kama kuku mwenye mayai. Alikuwa na sababu. Baba yake, huko nyuma, alimwazima mtu shamba kwa moyo mzuri tu. Mtu yule akapanda migomba. Miaka ikapita, baba akafa, na watoto waliporudi kudai shamba lao, wazee wa mwami, yaani chifu wetu, waliketi, wakauliza: migomba hii nani aliipanda? Ndivyo shamba lilivyokwenda. "Mugomba iko shahidi," bibi alituambia, na sisi wadogo tuliitazama ile migomba kwa hofu, tukijiuliza kama inasikia kweli. Tena bibi alikuwa mjane, na kwetu mjane mwenye ardhi hana usingizi mzito.

Kisha vita vikaja. Sitakueleza vita, wewe mwenyewe unajua, na usipojua bahati yako. Watu walianza kushuka kutoka Mwenga, kutoka Shabunda, wengine toka ndani ya Kabare, na magodoro vichwani, na kuku waliofungwa miguu, na watoto wasiokuwa na viatu. Walilala kanisani, walilala shuleni. Bibi alikwenda huko na chungu cha maharagwe na kurudi na mama mmoja wa Mwenga na watoto wake. Siku nyingine akarudi na jamaa nyingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi aliufuata usemi huo neno kwa neno. Hakuwa na vyumba vya kuwatosha wala chakula cha kuwalisha siku zote, ila alikuwa na mteremko.

Akawapa kwa bwasa. Bwasa kwetu Bushi ni mkopo wa ardhi: unalima, unavuna, unamletea mwenye shamba kikapu cha mavuno kila msimu, na ardhi inabaki yake. Sharti lake linajulikana na kila mtu, halihitaji karatasi. Utalima kile kinachokwisha na msimu. "Lima maharagi, lima mihogo, lima viazi," bibi aliwaambia akiwa amesimama mbele ya jiko, mikono kiunoni. "Lakini muti hapana. Mugomba hapana."

Sasa, migomba ilikuwa tayari imesimama pale, yake mwenyewe, toka enzi za babu. Hapo ndipo alipofanya lile ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Kwa kuogopa kwamba siku moja mtu atasema migomba hii niliipanda mimi, aliamua kuikata. Kila kipande alichomwazima mgeni alikisafisha kwanza yeye mwenyewe, mgomba kwa mgomba, asibakie shahidi hata mmoja wa kusimama upande wa mwingine.

Nakumbuka kazi ile. Mapanga yalilia toka alfajiri, na kila shina lililoanguka lilitoa mshindo wa kitu kilichojaa maji. Utomvu uliruka juu ya nguo zetu na kuacha madoa meusi ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa. Mbuzi walishiba mpaka wakalala. Na sisi watoto, usiniulize, tulifurahi kupita kiasi. Tulikalia magome ya migomba na kuteleza kutoka jikoni hadi karibu na kisima, tukipiga makelele, tukapanda tena na kuteleza tena. Jua liliingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Ndipo kwa mara ya kwanza tulipoona mteremko wetu ulivyo mkali. Majani yalikuwa yametuficha jambo hilo muda wote.

Mavuno ya kwanza yalikuwa ya ajabu. Ardhi ile ilikuwa imekula majani na samadi maisha yake yote, na maharagwe yalibeba mpaka mashina yakalala. Vikapu vilikuja kwa bibi vimejaa. Uwanja ulikuwa na watoto wengi kuliko shule. Mama wa Mwenga alileta mapishi ya kwao, sombe, majani ya muhogo, iliyozama katika mawese, na bibi, aliyekuwa akisema mafuta mengi ni uvivu wa kupika, alianza kuomba aongezewe. Wawili hao waliketi pamoja kila jioni, mmoja akichambua maharagwe, mwingine akimenya mihogo, na walicheka mpaka tuliwaonea wivu. Ukiniuliza ni lini nilikuwa na furaha kamili maishani, nitakutajia msimu ule. Inaniuma kusema hivyo, kwa sababu ndio msimu tulioanza kupapoteza mahali pale.

Msimu uliofuata maji ya kisima yalibadilika rangi. Kila baada ya mvua yalikuwa kama chai ya maziwa, na tulilazimika kuyaacha yatulie ndani ya ndoo. Mvua nayo ilipoteza ile adabu yake. Ilishuka moja kwa moja na kupiga udongo, na udongo uliruka hadi kwenye kuta za jiko. Ukisimama mlangoni uliona vijito vyekundu vikikimbia kati ya mistari ya mihogo, vyote vikielekea bondeni.

Mama wa Mwenga aliona. Siku moja alipanda mche wa avoka, parachichi, katikati ya kipande chake, bila kusema. Haukukaa. Bibi aliukuta, akauchimbua kwa vidole taratibu, akaubeba mikononi na udongo wake, akampelekea. Nilikuwepo. Hakuna aliyepaza sauti.

"Maman, tuliongea nini?"

"Koko, sitaki shamba yako. Udongo inakimbia. Angalia mwenyewe, mvua ikikuja inashuka nayo. Muti itaikamata."

Bibi aliutazama mteremko muda mrefu. Macho yake yalikuwa bado mazuri, aliona kila kitu. "Najua," alisema. "Kama inakimbia, ikimbie ikiwa yangu."

Mama wa Mwenga aliuchukua mche, akaupanda ndani ya chungu kilichopasuka mdomo na kukiweka kando ya mlango wake. Chungu si ardhi, bibi hakuwa na neno. Mche ulikua humo, sisi tukiumwagilia kwa kikombe, mpaka mizizi ikatafuta pa kutokea na chungu kikafungwa kamba kisipasuke. Alipoondoka hatimaye kurudi Mwenga, aliubeba kichwani. Sijui kama ulifika.

Usidhani bibi alikuwa mjinga. Ndilo linaloniumiza. Angekuwa mjinga, ningesema tungempata mtu wa kumweleza, na mambo yangekuwa mengine. Alijua kuliko sisi wote mgomba ulichokuwa ukifanya pale. Kila mvua ilipokwisha alitoka, akatazama, akasonya, akasema msimu ujao wageni wakirudi kwao ataupanda mteremko wote upya. Lakini wageni walirudi kwao kidogo, wakafukuzwa tena, wakaja na wengine. Vita havikutuambia vinaisha lini. Msimu ujao ukawa unasogea mbele kila tulipoukaribia, na bibi akazeeka akiungoja.

Korongo lenyewe lilianza likiwa mchezo. Ulikuwa ufa wa upana wa mguu wa mtoto, na tuliuruka tukishindana. Likizo iliyofuata ilibidi kuchukua mbio kabla ya kuruka. Baadaye mjomba aliweka gogo, baadaye mbao, na mwishowe tukaambiwa tupite barabarani. Ngazi za babu zilikwenda bila kutuaga. Kisima kilifunikwa na tope msimu mmoja wa mvua, tukakifukua. Kikafunikwa tena, tukakifukua nusu. Mara ya mwisho hakuna aliyechukua jembe.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, walisema wazee, lakini wazee hao hawakuishi Bukavu. Sisi ufa tuliuziba kwa vifuko vya plastiki. Kila nyumba iliyojengwa kando ya barabara ilileta taka zake, na mtu alizimwaga humo kwa moyo safi kabisa, akidhani anasaidia kujaza shimo. Mvua ilikuja, ikazibeba, ikabeba na shimo. Wenye nyumba za juu walielekeza mifereji yao kwetu, kwani maji lazima yaende mahali. Wafyatua matofali walichimba udongo kule bondeni, chini kabisa, kwa sababu watu walihitaji matofali. Mjomba alitoa nyasi kwenye paa la bibi, akaweka mabati, sote tukapiga makofi, na maji ya paa zima yakawa yanaanguka mahali pamoja nyuma ya jiko. Wageni wa bwasa walipokwisha, sisi wenyewe jamaa tuliviuza vipande, vikawa parseli, yaani viwanja, na parseli zikawa nyumba. Nimejaribu kumtafuta mtu wa kumkasirikia katika habari hii. Kila nikimkaribia nakuta ana watoto na sufuria tupu, kama mimi.

Bibi alifariki wakati jiko lilikuwa bado lipo. Jiko lilifuata baadaye, na mjomba akahamia nyumba ya kupanga juu ya barabara, na baada ya misimu michache nyumba yenyewe ikaenda, chumba kimoja kwanza, halafu vingine. Kaburi lilibaki, upande wa kushoto, na migomba yake michache ikilishikilia.

Kwa hiyo simu ya mjomba haikunishangaza. Kilichonishangaza ni jinsi ilivyo vigumu kumpatia maiti mahali. Makaburi ya mji yamejaa mpaka watu wanazikwa njiani ambako wengine hupita kwenda kuzika. Kwangu Bagira, nikifungua mlango wa jiko unagonga ua wa jirani. Nikamwendea mwana wa mwalimu, yule ambaye baba yake alikuwa jirani wa bibi upande wa juu na ambaye utotoni tuliteleza naye kwenye magome. Parseli yao bado iko imara, na ina bustani. Nilimwomba kona tu.

Alinikaribisha, akaniletea kiti, akamuulizia mama. Halafu akakuna kichwa. "Dada, kulima nakupatia hata leo. Lakini kaburi? Kaburi iko sawa na muti. Kesho batoto ya mjomba yako watakuja kusema hapa ni kwao."

Nilicheka. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana yalikuwa maneno ya bibi yangu yakitoka katika kinywa kingine. Nikamshukuru kwa kiti, nikaenda zangu.

Mwishowe jamaa zetu wa ukoo huko Nyantende walikubali, baada ya vikao na kasiksi, kutupa sehemu nyuma ya shamba lao. Walitaka mjomba aape mbele ya watu kwamba kaburi hilo halitadai kitu. Akaapa. Katekista akasema Jumamosi ana nafasi ya kuja kutuombea. Mama alinifulia mwenyewe shuka jeupe la kufungia mifupa, akalianika, akalikunja, akaliweka juu ya kabati.

Mvua haikungoja Jumamosi. Ilianza mchana, nikiwa sokoni. Kwanza upepo, halafu giza, halafu ile kelele juu ya mabati ambayo inamfanya kila mtu wa Bukavu anyamaze na kuhesabu jamaa zake kichwani. Nilifunika vitenge na nailoni na kusimama juu ya kreti. Maji yalipita kati ya vibanda yakiwa yamebeba chupa, maganda ya miwa, kandambili moja. Mifereji ilikuwa imeziba, kama kawaida. Nilisali rozari yote na sikumbuki hata tendo moja.

Asubuhi yake tulikwenda, mimi na mjomba. Toka barabarani tulijua. Migomba haikuwepo. Ukingo ulikuwa umekatwa kama mkate, mbichi, mwekundu, na mizizi midogo ikining'inia. Mjomba alivua kofia na kusimama mbali, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inadondoka.

Nimewahi kuwasikia watu waliorudi makwao baada ya vita. Wanasema walikuta nyumba imechomwa, miti imekatwa, lakini walisimama palepale wakasema hapa ndipo. Mimi nilinyoosha kidole na kilielekea hewani. Pale, juu ya lile tundu, ndipo jiko lilipokuwa. Kule kidogo, ambako ndege anapita sasa hivi, bibi aliketi na mama wa Mwenga wakichambua maharagwe. Ningekuwa na mtoto kando yangu nisingejua nimwonyeshe nini. Si shamba pekee lililokwisha. Hata pa kusimama pamekwisha.

Tulizunguka na kushuka bondeni, tukidhani labda. Chini vijana walikuwa wamekwisha kufika na sepetu, wakikusanya mchanga ambao maji yaliushusha. Huuzwa kwa wajenzi, unakwenda kujenga nyumba nyingine kwenye miteremko mingine. Walitusalimia vizuri. Mjomba aliwauliza kama wameona msalaba, au mbao za sanduku, au chochote. Walisimamisha kazi, mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Hapana, papa. Pole sana. Usiku maji ilikuwa mingi, imeshabeba yote kwa ziwa."

Tukakaa nao kidogo, tukiutazama ule mchanga, nikiwaza vitu ambavyo sitaviandika hapa. Kisha wakaomba radhi na kuendelea, kwa sababu mawingu yalikuwa yanarudi na mchanga usiposombwa na watu husombwa na mvua. Sikuwalaumu. Mjomba alinishika mkono kama nilipokuwa mdogo, tukapanda.

Nilitembea njia ndefu kurudi Bagira, nikitunga maneno. Nilifikiri kumdanganya mama. Ningesema tumemhamisha mapema, katekista alikuwepo, kila kitu kilikwenda salama. Mama hawezi kutembea hadi Nyantende, asingejua kamwe. Lakini alikuwa ameketi mlangoni akiningoja, na alipoona mikono yangu mitupu na shuka bado liko juu ya kabati, hakuhitaji maneno yangu yoyote. Nikaketi chini kando yake.

"Na mimi," aliniuliza, "mutaniweka wapi?"

Niliipitisha Bukavu nzima kichwani, kilima kwa kilima, Bagira, Kadutu, Ibanda, Panzi, mpaka Nyantende kwa jamaa zetu ambao nao mwaka huu wamekata miti yao. Nilitafuta sehemu moja tu ambapo ningeweza kumwambia kwa moyo mweupe: hapa, mama, hapa udongo utakaa. Yeye aliningoja kwa uvumilivu, akidhani nachagua.